Madogo waliokinzana na sheria: namna ya kuendesha kikundi cha kuwarudisha kwenye mstari hapa kwetu Dodoma

Haya ni kwa mtu anayetaka kufanya. Labda wewe ni mwalimu pale Chang'ombe, au mama wa kikoba Nkuhungu, au shekhe, au mchungaji, au kijana tu wa mtaa ambae unaona madogo wanabebwa na difenda, wanakaa siku mbili tatu kituoni, wanarudi, alafu mwezi haujaisha wamebebwa tena, na kila mtu mtaani anasema yule ameshindikana. Mi siamini kwamba mtoto wa miaka 15 ameshindikana. Ninachoamini nakisema mapema ili usome ukijua nimesimama wapi: dogo habadilishwi na ukali wala hotuba, anabadilika akipata nafasi ya kufanya mazoezi ya kufikiri kabla hajatenda, wiki baada ya wiki, mbele ya mtu mzima yuleyule ambae hamkimbii, na nyumbani nako pawe pamelegezwa kidogo ili kile alichojifunza kipate pa kukaa.

Sasa tuingie kwenye kazi.

Jua kwanza dogo yuko wapi kisheria

Usianze na kikundi, anza na sheria, maana ukikosea hapa unaweza kumharibia mtoto kesi bila kujua. Kwetu mtoto chini ya miaka 10 hana jinai kabisa, na chini ya miaka 12 hana jinai mpaka ithibitishwe kwamba alikuwa na uwezo wa kujua kuwa kile anachofanya ni kosa. Kuanzia hapo mpaka anatimiza 18 kesi yake kwa kawaida inasikilizwa na Mahakama ya Watoto chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, sio mahakama ya wazi ambayo kila mtu anaingia kusikiliza, na afisa ustawi wa jamii anatakiwa awepo na mzazi au mlezi pia. Kifungu cha 119 kinasema mtoto asihukumiwe kifungo cha jela. Hakimu anaweza kumwachia kwa masharti, kumweka chini ya uangalizi, kuagiza fidia ilipwe, au ikibidi kumpeleka shule ya maadilisho, yaani shule ya bweni ya kuwarekebisha watoto waliokosa.

Hapo kwenye shule ya maadilisho ndo nataka usimame kidogo. Shule ya maadilisho tunayoijua wote ni Irambo, na Irambo iko Mbeya. Mahabusi za watoto nazo zilizozoeleka ziko Dar, Tanga, Moshi, Arusha na Mbeya. Fikiria mama anayeuza mboga Majengo, mwanae yuko Mbeya, nauli ya kwenda kumwona anaitoa wapi? Mtoto anakaa mbali, akirudi anakuta mtaa uleule, kijiwe kilekile, na mzazi ambae hawajazungumza muda mrefu. Kwahiyo kazi ikifanyika hapahapa kwenye kata, mahakama inapata kitu cha kuchagua kabla ya kufika huko. Temeke walianza mwaka 2012 mpango wa namna hii wa kumrekebisha mtoto akiwa kwake, chini ya ustawi wa jamii na kwa msaada wa UNICEF, na baadae Mbeya nao wakafata, kwahiyo sio wazo geni, maafisa wengi wa ustawi wanalijua ukiwaambia.

Waliotimiza 18 ni habari nyingine, hao wanaenda mahakama za kawaida. Ila kuna Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 na kuna maafisa probesheni, yaani wanaosimamia wanaotumikia adhabu nje ya jela, kijana aliyekutwa na kosa lisilo zito anaweza kutumikia adhabu yake nje, anafanya kazi za jamii huku analala kwao. Hao nao wanahitaji kikundi, tena wengine wanakihitaji kuliko watoto, ila usiwachanganye na watoto.

Unachotakiwa kufanya ni hiki. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii, wa kata kama yupo, kama hayupo nenda halmashauri au jiji. Usiende mikono mitupu, nenda na karatasi moja inayosema kikundi kinakutana wapi, siku gani, saa ngapi, nani anaongoza na namba yake ya simu, dogo akikosa kuja nani anapewa taarifa. Kwanini karatasi? Kwasababu kabla ya uamuzi hakimu anasoma taarifa ya uchunguzi wa kijamii ambayo afisa ustawi anaiandika, na afisa hawezi kuandika "mtoto aunganishwe na kikundi cha pale mtaani" kama hajui kikundi kinaendeshwaje. Karatasi hiyo moja ina uzito kuliko barua ndefu ya kujisifia. Ipeleke pia dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi, na kwa mtendaji wa kata. Alafu jiandikisheni halmashauri kama kikundi, afisa maendeleo ya jamii atakuelekeza.

Na kingine, usimchukue mtoto kutoka mikononi mwa polisi kwa makubaliano ya mdomo. Hata kama askari ni jirani yako na anakuamini. Mtoto aje kwako kwa njia inayojulikana, mzazi akijua, ustawi wakijua.

Nani aingie, nani aende kwingine

Hapa ndo vikundi vingi vinaharibika. Watu wanadhani ukiwakusanya madogo wote wakorofi wa kata sehemu moja ukawapa mpira na soda umeshafanya jambo. Kuna utafiti wa zamani Marekani, jimbo la Massachusetts, ulianza 1939 kwa wavulana zaidi ya 500, nusu wakapewa washauri, wakatembelewa nyumbani, wakapelekwa kambi za likizo, na nusu wakaachwa tu. Mwanamama mtafiti Joan McCord akawafatilia miaka 30 baadae akakuta waliosaidiwa walikuwa na hali mbaya kuliko walioachwa, na waliopelekwa kambi zaidi ya mara moja ndo walioumia zaidi. Sababu moja inayotajwa ni kwamba wakorofi wakikaa pamoja bila kazi maalumu wanafundishana, mmoja anasimulia alivyovunja kioo cha gari, wenzake wanacheka, na kile kicheko ndo zawadi yenyewe.

Kwahiyo yule aliyekamatwa mara ya kwanza kwa kuiba kuku usimkalishe na yule anayejulikana kituoni kwa jina. Wawe 8 mpaka 10 basi, umri unaokaribiana, viongozi wawili kila mara, na isiwepo dakika ya kukaa tu kupiga stori za matukio. Akianza kusimulia kwa kujisifu unamkata kwa upole, "hiyo sehemu tunaijua, tuambie dakika moja kabla yake ulikuwa unawaza nini".

Kabla hajaingia kikundini kaa nae peke yake, mara mbili hivi, sehemu ambayo watu wanawaona ila hawawasikii. Muulize anavyolala. Muulize kama amewahi kupigwa kichwani akazimia, kama ana kifafa, kama masikio yanasikia vizuri, maana kuna watoto wanaitwa wakaidi kumbe hawasikii. Muulize nani amefariki. Utashangaa ni wangapi matatizo yao yalianza baba au bibi alipofariki na hakuna mtu aliyewahi kukaa nao wakaongea juu ya msiba ule, waliambiwa tu "jikaze wewe mwanaume". Muulize anatumia nini, bangi, gundi, pombe za kupima, au kitu kikali zaidi. Na muulize waziwazi kama amewahi kuwaza kujiua. Swali hilo halimtii mtu wazo, linamfungulia mlango wa kusema.

Akikwambia anasikia sauti, au amewaza kujiua na ana mpango kabisa, au akiamka bila dawa anatetemeka mwili, huyo sio wa kikundi kwanza, ni wa hospitali kwanza. Na sisi wa Dodoma tuna bahati ambayo mikoa mingine haina, tuna Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe, na kule Itega kuna kliniki ya methadone, dawa ya kuwasaidia walioshikwa na heroini waiache. Najua ukimtajia mzazi Mirembe anashtuka, watu wametumia jina lile kama tusi miaka mingi. Ongea nae taratibu, mwambie kule wanapima na kutibu kama hospitali yoyote na wengi wanatibiwa wakirudi kwao jioni ileile, na ikiwezekana msindikize siku ya kwanza. Mzazi akishaenda mara moja hofu inapungua sana.

Usiwapeleke kuoneshwa jela

Nalisema hili peke yake kwasababu kila mahali litaletwa na mtu mwenye nia nzuri: "wapelekeni Isanga wakaone wafungwa wanavyoishi, watashika adabu". Marekani walifanya, miaka ya 1970, gereza la Rahway kule New Jersey, wafungwa wa vifungo virefu wanawafokea vijana na kuwaelezea mabaya yote ya ndani. Ilipendwa ikasambaa majimbo mengi. Baadae watafiti wakapiga kura, kama bahati nasibu, kijana yupi apelekwe na yupi asipelekwe, wakawalinganisha, jibu likawa waliopelekwa walifanya makosa ZAIDI. Dogo anayeogopa mbele ya watu anatafuta namna ya kuonesha haogopi. Tena kama baba yake au kaka yake yuko ndani, unampeleka akajifunze nini?

Viboko vivyo hivyo. Amepigwa nyumbani, amepigwa na wananchi wenye hasira, pengine amepigwa na kule alikoshikiliwa, kama kipigo kingekuwa dawa angeshapona zamani.

Wiki kwa wiki

Panga wiki 10 mpaka 12, mara moja kwa wiki, mbili kama mnaweza. Sehemu isiwe kituo cha polisi, na kama madogo wamechanganyika dini isiwe ndani ya nyumba ya ibada, darasa la shule ya msingi baada ya masomo linatosha kabisa au chumba cha nyuma ofisi ya mtaa. Angalia kalenda ya mvua. Kwetu mvua ni msimu mmoja tu, Desemba mpaka Aprili, na kama uko Bahi au Chamwino au Mpwapwa vijijini kipindi hicho madogo wako mashambani, kikundi kitakufa wiki ya tatu ukadhani wamekuchoka. Anza mwezi wa tano au wa sita. Mjini nako wanaobeba mizigo sokoni Sabasaba na Majengo wako bize asubuhi, waite saa kumi jioni. Na wawekee kitu cha kula, chai na maandazi au uji wa karanga, mtu mwenye njaa hafikiri na wengine hapo ndo chakula cha kwanza cha siku.

Wiki ya kwanza fanyeni zoezi hili. Wapange wawili wawili, mmoja mpe kitu kidogo akifumbate mkononi, hata kifuniko cha soda, mwambie mwenzie ana sekunde 30 akitoe. Watakunjana vidole, wataviringishana chini, vumbi litatimka. Muda ukiisha waulize swali moja tu: nani aliomba? Karibu siku zote hakuna aliyeomba. Alafu muulize yule aliyekuwa ameshika, angekuomba ungempa? "Ningempa tu kaka, kifuniko mi cha nini." Zoezi hili wanalitumia kwenye programu ya Chicago inaitwa Becoming a Man, ambayo ilipimwa vizuri, kwa kura, na kipindi vijana wakiwa ndani ya programu kukamatwa kwa makosa ya vurugu kulishuka kwa karibu nusu. Ilipoisha nguvu yake kwenye makosa ikapungua, kumbuka hilo nitalirudia.

Wiki zinazofuata kazi kubwa ni kile mi nakiita mnyororo. Wataalamu wanaita tiba ya fikra na tabia lakini madogo waambie mnyororo watakuelewa. Unachukua tukio moja la kweli na kulirudisha nyuma pete moja moja ya mnyororo. Tuseme dogo wa miaka 16 amemchoma mwenzie kwa bisibisi pale kijiweni. Ukimuuliza kwanini atakwambia "ilitokea tu". Hakuna kitu kinachotokea tu. Chora mstari ubaoni, mwisho wa mstari andika bisibisi, alafu rudi nae nyuma. Kabla ya kushika bisibisi mwili ulikuwaje? Moto, masikio yanavuma, mikono inatetemeka. Kabla ya hapo uliwaza nini? "Kwamba ananidharau mbele ya watu." Alisema nini hasa, maneno yake yaleyale? "Alisema we si ulishindwa hata darasa la saba." Kabla ya hapo ulitoka wapi? "Nyumbani." Nyumbani kulikuwaje? Kimya. Alafu inatoka kwamba asubuhi ile mjomba alimwambia hana faida na akalala njaa.

Ukishaupata mnyororo mzima ndo mnaanza kazi ya kutafuta pete ya kukata. Sio lazima iwe ileile kwa kila mtu. Mwingine anakata pale mwili unapopata moto: anarudi hatua mbili, anaweka mikono nyuma, anavuta pumzi taratibu na kuitoa ndefu kuliko aliyoivuta. Mwingine anakata kwenye wazo: "ananidharau" anajifunza kuuliza, kuna maelezo mengine? pengine kalewa, pengine nae anatafuta kicheko cha wenzake. Mwingine anakata mapema kabisa, akitoka nyumbani na njaa na hasira hapiti kijiweni, anapita njia nyingine anaenda kwa shangazi. Alafu mnaigiza. Hii ndo sehemu ambayo viongozi wanairuka kwa aibu na ndo sehemu yenye dawa. Mmoja awe yule mchokozi, aseme maneno yaleyale, dogo afanye alichochagua, mara ya kwanza atacheka, mara ya pili atakasirika kweli, mara ya tano utamwona mabega yanashuka. Rudieni. Wiki ijayo mwanzo wa kikao kila mmoja aseme wapi alijaribu na ikawaje, hata kama ilishindikana.

Katikati ya wiki hizo weka mazoezi ya kuingia sehemu ambazo dogo anaamini sio zake. Hili nimelipenda kutoka Monrovia, Liberia, na naona linatufaa sisi Waafrika kuliko mengi. Walichukua wanaume 999 wa mitaani, wezi, wauza dawa, wengine walishapigana vita, wakawagawa kwa kura: wengine tiba ya wiki 8, wengine dola 200, wengine vyote, wengine hakuna. Kwenye tiba walifanya mnyororo kama huu na pia walinyoa, wakavaa vizuri, wakaenda benki na madukani kujifunza kuongea na watu bila kufukuzwa. Wawezeshaji wengi wenyewe walishapita maisha hayohayo. Waliopata tiba pamoja na pesa ndo walioshika, walipofatiliwa miaka 10 baadae makosa yao bado yalikuwa chini kwa karibu nusu, na waliopata tiba peke yake walidumu kidogo. Soma vizuri hapo: pesa peke yake haikufanya kazi, tiba peke yake ilififia.

Kwetu zoezi lake ni rahisi. Dogo anaenda NIDA mwenyewe kufatilia kitambulisho kama ametimiza 18, au RITA kufatilia cheti cha kuzaliwa, au VETA kuuliza kozi zinaanza lini na ada ni sh ngapi. Amefua shati, amechana nywele, amefanya mazoezi kikundini ya kusema "shikamoo, naomba kuuliza". Wewe kaa nje. Akirudi muulize alivyojisikia, sio alichojibiwa tu.

Kuomba radhi

Kuna kikao cha kukutana na aliyemkosea, kikifanyika vizuri kinatibu pande zote. Lakini aliyekosewa ndo anaamua, akisema hapana basi, na asibembelezwe. Kama amekubali, muandae dogo awe anaweza kueleza alichofanya bila "ila" na bila "lakini", awepo mzee anayeheshimiwa na pande zote, na wakubaliane kitu kinacholipika, hata kama ni kuchota maji ya kujengea wiki mbili. Kama kesi iko mahakamani afisa ustawi ajue kwanza.

Na hapa sitaki kueleweka vibaya. Ubakaji, kulawiti, kumpa mwanafunzi mimba, haya hayana kikao cha kumalizana nyumbani. Nimeshuhudia familia zinataka kulipana mbuzi na kufunga mdomo wa binti, na kikundi kikiombwa kiwe shahidi. Kataa. Binti anahitaji hospitali na dawati, kijana mkosaji anahitaji sheria na matibabu yake tofauti kabisa. Simu 116 ni ya bure kwa masuala ya watoto, iandike ukutani.

Mabinti wenyewe waliokinzana na sheria wapo, wachache, kikundi chao kiwe cha peke yao na kiongozi mwanamke. Wengi ukifungua mnyororo wao unakuta alitolewa kijijini na umri mdogo kwenda kazi za ndani, hajalipwa, akachukua simu au hela ya mwajiri akakimbia. Hapo kosa lipo ila aliyekosewa kwanza ni yeye, mwambie afisa ustawi lote.

Nyumbani

Kama huwezi kwenda nyumbani kwa dogo usianze hiyo kazi. Nenda mara ya kwanza bila ajenda, kaa kwenye kigoda, kama ni bibi wa Kigogo msalimie mbukwa, sikiliza. Walezi wengi wa hawa madogo ni mabibi au mama peke yake na wamechoka kiasi ambacho ukali ndo nguvu pekee iliyobaki. Usiende kumfundisha malezi. Muulize mtoto huyu akiwa mdogo alikuwaje. Utaona uso unavyobadilika, na mara nyingi dogo akisikia bibi anasimulia alivyokuwa anamsaidia kuchunga mbuzi, anasikia mara ya kwanza baada ya muda mrefu kwamba aliwahi kuwa mtoto mzuri.

Omba mambo matatu tu, ukiomba kumi hutapata hata moja. Saa ya kurudi ijulikane, na iwe inayowezekana, kama anafanya kazi sokoni usimwambie saa kumi na mbili jioni. Kuna mlo mmoja kwa wiki wanakula pamoja. Na neno "umeshindikana" lisitamkwe tena ndani ya nyumba ile, badala yake mzazi aseme kosa lenyewe: "jana ulichukua elfu tano yangu, nimeumia, nataka uirudishe." Mzazi nae afanye mazoezi, mwigize nae kabisa, utashangaa anavyopenda.

Baba akiwepo mtafute, hata kama anaishi kwingine. Wengi hakuna aliyewahi kuwaita.

Shule, kazi na pesa

Wa umri wa shule jaribu shule kwanza. Kuna Waraka wa Elimu namba 2 wa mwaka 2021 unaoruhusu waliokatiza masomo kurudi, mwalimu mkuu akisitasita mtajie huo, na MEMKWA, mpango wa elimu ya msingi kwa walioikosa, ipo kwa waliochelewa sana. Wengine shule haitowezekana, tafuta fundi mwenye subira, wa kuchomelea, wa pikipiki, wa kushona, mji huu unajengwa kila kona kuanzia Nzuguni mpaka Mtumba na mafundi wanahitaji wasaidizi. Fundi aambiwe ukweli kwa ruhusa ya dogo, na umtembelee kila wiki mwezi wa kwanza, maana siku ya kwanza spana ikipotea ataangaliwa yeye.

Pesa ya mtaji isije mapema. Ije mwisho, baada ya mazoezi, na ndogo. Waliotimiza 18 wakiunda kikundi wanaweza kuomba ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri ambayo vijana wametengewa 4, ila wasikope kabla hawajakaa pamoja kwa amani miezi kadhaa.

Siri

Usipige picha. Wafadhili watataka picha, diwani atataka picha, kundi la WhatsApp la mtaa litataka kujua ni nani na nani. Mtoto mwenye kesi hatakiwi kutangazwa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu hata wewe mwenye daftari tu. Daftari liwe na namba badala ya majina, lifungiwe. Waambie madogo siku ya kwanza siri ina mipaka gani: nikijua unataka kujiua, au unataka kumuumiza mtu, au kuna anayekuumiza wewe, nitasema kwa anayeweza kusaidia, na nitakwambia kwanza kabla sijasema. Mengine yote yanabaki humu.

Wiki 12 zikiisha

Hapa ndo narudia ile ya Chicago. Wiki ya mwisho watu wanagawa vyeti, wanapiga makofi, alafu kiongozi anapotea. Usipotee. Mwezi wa kwanza mtafute kila wiki, baada ya hapo kila mwezi mpaka mwaka uishe, simu ya dakika mbili inatosha, au unapita tu alipo kazini. Daftarini andika mambo manne: amekamatwa tena au la, yuko shule au kazini, analala nyumbani au kwingine, na nani wa nyumbani anaongea nae. Fanya hivyo mwezi wa tatu, wa sita na wa kumi na mbili, kwa WOTE walioanza, pamoja na walioacha njiani, maana ukihesabu waliomaliza tu utajidanganya na utamdanganya na hakimu.

Akikamatwa tena nenda kituoni. Usiende kumkaripia, nenda na mzazi, uliza kosa, hakikisha umri wake umeandikwa sawa kwenye jalada kwasababu mtoto akiandikwa 18 anapelekwa na watu wazima, chukua cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki uende navyo. Alafu siku akitoka mnakaa mnachora mnyororo mpya, wa tukio hili, kwenye ubao uleule. Mara nyingi utakuta kuna pete mbili tatu alishazikata na ikabaki moja, labda rafiki mmoja au labda mshahara wa kwanza ulioishia kwenye kubeti. Mnaanzia hapo.